Mteremko wa Kisigino

Siku hizi, pale lami inapoingia msituni, wamesimamisha kibao chenye ramani. Mstari mwekundu unazunguka vilima vyote vya hifadhi, na kando ya mstari zimechorwa baiskeli ndogo ndogo. Wageni hushushwa na gari pamoja na baiskeli zao, wamevaa nguo za kubana mapaja, wanakitazama kibao, wanaonyeshana kwa vidole, halafu hao, wameondoka. Njia hiyo niliichora mimi. Niliichora kwa kijiti mavumbini, mbele ya sajini mmoja wa jeshi, na aliyechuchumaa kando yangu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Kwamba hatutajwi popote sishangai, nani atamtaja mkimbizi kwenye kibao? Lakini chini kabisa wameandika kwamba mteremko wa mwisho ni "wa kufurahisha". Nilisimama pale na baiskeli yangu nikalisoma hilo neno mara tatu, na sijui kama nimewahi kulichukia neno kiasi hicho.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Tulitoka kwetu mwaka tisini na sita, mimi na dada yangu tu. Wengine walibaki njiani kwa namna ambazo siziandiki hapa. Tulizunguka nchi hii na ile mpaka tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na tulipofika tukaambiwa tungoje. Tumengoja. Kungoja ndiyo kazi ya kwanza ya Nakivale, hizo nyingine zote ni vibarua. Unangoja mahindi, unangoja turubai, unangoja karatasi ya majina ya watu wanaoitwa kwenda ng'ambo. Ikibandikwa unaisoma toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu, jina lako halimo, unarudi kulima maharage. Dada yangu alikulia katika kungoja huko. Mume alimpata kanisani, mtu wa kwetu pia, mrefu, mpole, mwenye sauti nene ya kuimba. Wakaoana, wakapata watoto wawili. Sikuwa na neno naye isipokuwa moja: alikuwa mtu wa kutumaini. Kila tetesi aliiamini. Mtu akisema wiki ijayo inatoka orodha mpya, yeye anafua shati.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Kwetu tunaiita kinga, wenyeji wa huku wanaiita gaali, vyovyote vile, ni chuma na tairi mbili. Nilibeba mahindi na maharage ya wakimbizi wenzangu kwenda kuuza Mbarara, na nikipita Kaberebere naongeza mkungu mmoja au miwili ya matoke juu yake. Wabebaji wengi walifuata barabara kubwa. Sisi wachache tulikata kushoto, tukapanda vilima vya hifadhi, tukapita katikati ya msitu wa misonobari, tukatokea barabara ya Kabale na kuingia mjini kwa upande wa Ruti, ambako akina mama walinunua upesi bila kuminyaminya kila ndizi. Ni njia ndefu zaidi, tena ya kuua mtu. Lakini malori hayapiti, na chini ya ile miti kuna ubaridi hata saa sita mchana. Msitu wenyewe tuliuita Kwa Baridi. Vilima navyo tulivipa majina. Cha kwanza kiliitwa Tapika, na aliyekipanda hahitaji maelezo. Cha pili kiliitwa Hapa Tunasali. Na ule mteremko mrefu wa kutokea upande wa pili tuliuita Kisigino.

Huko Kwa Baridi tulikuwa na desturi yetu. Chini ya Tapika hupandi peke yako. Ukitangulia kufika, unaegemeza mzigo wako kwenye mti, unakaa, unangoja. Akija mwenzako, hata kama hamjuani, mnaisukuma baiskeli yake wawili mpaka juu, mnateremka kwa miguu, mnaisukuma na yako. Anayepita bila kungoja, habari zake zinafika Nakivale kabla yake, na siku akipasukiwa na tairi atakoma. Nilipoona kwamba kilimo hakimtoshi shemeji, nikamchukua awe mwenzangu wa kusukumana. Mwezi wa kwanza alikuwa akilia mapaja usiku kucha, dada yangu akinilaumu. Mwezi wa tatu alikuwa ananisukuma mimi.

Sasa nielezee jina la Kisigino, maana bila hilo hamtanielewa. Baiskeli yenye gunia la mahindi na mikungu miwili haisimamishwi na breki za mkono. Ukizibana mwanzo wa mteremko, katikati mpira unanuka, mwisho huna breki. Kwa hiyo sisi tuling'oa madigadi ya nyuma, tukavaa lugabire, yale makubazi ya tairi la gari, na tukajifunza kufunga breki kwa mguu. Unaondoa mguu wa kulia kwenye kanyagio, unaupeleka nyuma, unalaza kisigino juu ya tairi na kukandamiza. Ukikandamiza sana tairi linakwama na mzigo unakupindua. Ukikandamiza kidogo utajikuta kwenye shamba la mtu. Nilimfundisha shemeji siku nyingi. Kila akiogopa alikimbilia breki za mkono, nami nilikuwa nikimfokea mbele za watu bila haya. "Achana na mikono! Mikono ni ya kumsalimia mchungaji! Muguu, tumia muguu!" Alianguka mara mbili, akachubuka uso mzima. Kisha siku moja mguu ulielewa, na tangu hapo hakuna mbebaji aliyeteremka Kisigino vizuri kuliko yeye. Lugabire zake nilizikata mimi mwenyewe, na kisiginoni niliongeza tabaka la pili la mpira.

Lami ilipofika vilimani ilikuwa kama mwaka elfu mbili kumi na mbili. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Ruti bila mzigo, tuna sabuni na chumvi tu, tunapanda upande wa pili wa msitu. Mbele yetu tukamwona mtu juu ya baiskeli nyembamba, tairi zake hazizidi kidole gumba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Mimi nilibaki nyuma na umri wangu. Shemeji akampita yule mtu. Hakufanya kwa ujeuri, masikini, alikuwa anaimba wimbo wa kwaya na akili yake haikuwa pale. Nikasikia mtu anapiga kelele.

"Wewe! Simama! Hiyo gaali yako iko na injini?"

Kumbe ni askari. Nilimtambua kwa fulana ya kijani na kwa hicho Kiswahili chao cha jeshini, ambacho mkimbizi akikisikia anatafuta karatasi zake kabla hajaelewa maneno. Nikaiacha baiskeli yangu chini, nikakimbia kuomba msamaha. Lakini yule bwana alikuwa ameinama, ameshika magoti, anahema na kucheka kwa pamoja.

"Mimi si kali," alisema. "Mimi nataka kujua tu. Huyu mtu nakula nini?"

"Maharage, afande," nikamjibu.

Alikuwa sajini katika kambi ya jeshi pale Mbarara, na alisimamia kikosi chao cha waendesha baiskeli za mashindano. Barabara ya Bwizibwera waliyozoea kufanyia mazoezi ilikuwa imewachosha, asubuhi nzima ni magari ya maziwa. Alitaka vilima, vilima vingi, na njia za kuviunganisha bila kurudia barabara ile ile. "Wewe najua njia?" akaniuliza. Nijue njia! Nikaokota kijiti. Nikamchorea Tapika, nikamchorea Hapa Tunasali, mzunguko wa kaskazini unaopita kwenye chemchemi, mkato wa kurudi kabla ya mvua, na mwisho Kisigino. Shemeji alikuwa akinisahihisha hapa na pale. Sajini aliandika yote kwenye kijitabu, akatuuliza majina tena na tena, akicheka kila akifika Tapika.

Tangu siku ile alikuwa akitungoja Ruti kila Alhamisi, tunampitisha njia mpya. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Baada ya miezi kadhaa alimwita shemeji kando, mimi nikiwepo, akasema kikosi kinaruhusiwa kuwa na raia mmoja, wa kuendesha na kutengeneza baiskeli. Mtu huyo anapewa nyumba ndani ya kambi yao, watoto wake wanasoma na watoto wa askari, na anapata barua yenye mhuri ya kukaa mjini. Kutakuwa na safari ya majaribio, watu sita, mzunguko mzima wa vilima kuanzia Ruti. Atakayetangulia ndiye. "Na mimi naona ni wewe," sajini akasema.

Nilimtazama shemeji. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Kutoka Nakivale! Si kwa orodha, si kwa kungoja. Kwa miguu yake.

Sajini alimwalika shemeji na mkewe wakaitazame nyumba. Tulikwenda wote watatu, dada yangu akiwa amekaa kwenye keria yangu, amevaa nguo ya kanisani. Ndani ya kambi wake za askari walikuwa wanaanika nguo na kusukana, redio inaimba, watoto wamejaa kila mahali. Walitusalimia vizuri tu. Nyumba yenyewe ilikuwa yunipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo wanacholala askari, cha moto mchana na cha baridi alfajiri. Mimi nilikiona ni balaa. Dada yangu alikiona ni kitu kingine. Alifungua kitenge chake cha pili, akakinyoosha kutoka mlangoni mpaka ukutani, akapima fasi ya kitanda, na pale kipimo kilipoishia akapiga fundo kwenye pindo.

"Yaya, kitanda itaenea," aliniambia; kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. "Na fasi ya batoto itabakia."

"Subiri kwanza mume wako ashinde," nikamjibu. Ndivyo nilivyo, siwezi kumwachia mtu furaha yake.

Alicheka akaniita mzee wa mikosi. Fundo hakulifungua. Alikirudisha kitenge Nakivale na fundo lake, akakitundika msumarini, na kila aliyeingia nyumbani mwao aliambiwa ni la nini.

Jeshi lilimwazima shemeji baiskeli ya mashindano kwa wiki mbili, afanye mazoezi kuanzia Ruti. Kupanda alipanda. Kuteremka alijifunza kubana zile breki za mkono, ambazo kwenye baiskeli hizo zinashika kweli, maana hakuna mzigo. Tabu ikawa viatu. Viatu vya baiskeli hizo vina chuma chini, vinajifunga kwenye kanyagio, na mguu ukishafungwa hautoki mpaka uupindishe kwa nje. Vile walivyompa vilikuwa vinambana, vikampa malengelenge. Asubuhi ya majaribio, pale Ruti, alikaa kwenye jiwe amevishika mkononi, lugabire zake ziko miguuni.

"Shemeji," akaniuliza, "nivae bile byabo ao nivae byangu?"

Sajini alikuwa mbali kidogo akiwapanga watu. Wenzake watano walikuwa tayari wamevaa. Mimi nilimtazama miguu ile yenye malengelenge, nikafikiria Tapika, nikafikiria atakavyokanyaga huku anaumia. Sikufikiria kingine chochote. Mungu ananiona.

"Vaa byako," nikamwambia. "Muguu inabijua."

Akaacha viatu vyao kwenye jiwe.

Sajini mwenyewe alikata njia fupi kwa pikipiki akanipakia, akaniteremsha chini ya Kisigino, kwenye kona, nikiwa na kidumu cha maji, yeye akarudi kuwafuata waendeshaji. Nilingoja pale muda mrefu. Jua lilikuwa kali huko nje ya msitu na harufu ya lami inapanda. Mwishowe nikamwona mtu juu kabisa, anatokea kwenye miti, peke yake. Nikafinya macho. Alikuwa yeye. Nyuma yake hakuna mtu. Nikahesabu pumzi ishirini, bado hakuna mtu. Alikuwa ameinama chini kabisa, shati linapepea, anakuja. Nilianza kuruka peke yangu pale barabarani, mimi mzee wa mikosi, nikipiga kidumu kwa kiganja.

Halafu ng'ombe wakaingia barabarani. Ng'ombe wa huku, wenye pembe ndefu, wasio na haraka, na mchungaji wao yuko nyuma anaongea na simu. Walikuwa mbali na shemeji. Nafasi ilikuwepo! Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, nafasi ilikuwepo tele. Angebana mikono tu angesimama na bado angepata muda wa kumtukana mchungaji. Nilimwona akiinua kifua. Nilimwona ameshtuka. Na nikauona mguu wa kulia unatoka kwenye kanyagio, unakwenda nyuma.

"Mikono!" nilipiga kelele. "Mikono! Mikono!" Mimi, niliyemfundisha kuisahau.

Kwenye kinga zetu, kati ya chuma cha kiti na tairi kuna nafasi ya mguu wa mtu mzima. Kwenye baiskeli ile hakuna. Kisigino kile kinene nilichokishona mimi kilinasa kwenye tairi, tairi likakivuta, na mguu ukaingia kwenye spoki. Nilisikia zikikatika moja moja, haraka haraka, kisha baiskeli ikasimama yeye akaendelea. Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu kwenye majani, macho wazi, wala hajalia. Aliniuliza kama amewagonga ng'ombe. Nikamwambia hapana. Akashukuru. Ng'ombe walikuwa wanavuka bado, mmoja mmoja, na waendeshaji wengine wawili walisimama nyuma yao wakingoja wamalize.

Alilazwa Mbarara kwa wiki nyingi. Madaktari walifanya walichoweza, sina la kuwasema. Mshipa mkubwa wa nyuma ya kifundo ulikuwa umekatika, na mifupa midogo ya mguu ilivunjika mahali pengi mno. Mguu ulipona umegeukia ndani, na akitembea anatua kwa ukingo wake. Sajini alikuja mara mbili, na machungwa. Alikuwa na kesi yake ya kujieleza kuhusu baiskeli, lakini hakutulaumu. Mara ya pili alisimama mlangoni mwa wodi akanivuta kando. "Ile viatu," akaniuliza, "nani alimwambia asivae?" Nikamwambia sijui. Huyo ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuniuliza, na hilo ndilo jibu nililompa.

Shemeji naye hakusema. Nilimngoja aseme. Nilikaa kando ya kitanda kile nikiyangoja maneno, nikajiandaa jinsi ya kulia, lakini yeye alizungumzia mambo mengine. Alizungumzia jinsi Hapa Tunasali ilivyo fupi kwenye baiskeli nyepesi. Alisema alipotokea kwenye miti na kuona hakuna mtu nyuma, aliona ile nyumba ya bati kabisa kabisa, na kitanda ndani yake.

Tukamrudisha Nakivale. Kitenge kilikuwa bado msumarini na fundo lake. Dada yangu alikuwa akikizunguka anapofagia, hakigusi. Mimi nikafikiri, huyu anajitesa bure, lakini sikuthubutu kusema, maana nilikuwa nimepoteza haki ya kusema. Nilipanda Kwa Baridi peke yangu siku zile. Chini ya Tapika nilikaa nikangoja mwenzangu yeyote, na siku nyingine hakuja mtu, kwa sababu tangu lami ifike wengi walianza kupeleka mizigo kwa pikipiki. Basi ninapunguza mzigo, napandisha nusu, narudi kuchukua nusu. Unaweza kufanya hivyo. Inakula siku nzima, lakini unaweza.

Maharage yalipovunwa, sajini alikuja Nakivale kwa pikipiki. Watoto walikimbia wote nyuma yake. Alikaa kwenye kigoda cha dada yangu, akanywa chai, akazunguka zunguka maneno, kisha akanigeukia mimi. Yule aliyechukua nafasi ya shemeji alikuwa ameondoka, amepata kazi Kampala. Nafasi iko wazi. "Wewe najua milima yote," alisema. "Wewe najua kutengeneza gaali. Wewe si lazima kushinda mtu. Zunguka, maliza tu, mkubwa aone wewe nafika. Basi."

Nikamwambia nina miaka arobaini na mitatu. Akasema ameona miguu yangu. Nikamwambia mimi sina mke wala mtoto, nyumba ya nini? Hapo shemeji akaingilia. Alijikokota kutoka ukutani alipokuwa ameegemea, akaja akaketi mbele yangu chini, mtu mzima yule.

"Shemeji, minakuomba," alisema. "Uende fasi yangu. Utatuandikisha sisi kuwa watu ba nyumba yako. Dada yako na batoto batoke hapa. Miye hata nikibakia haina neno. Kumaliza tu. Ile njia si uliichora weye?"

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amesimama karibu na msumari.

Ningekataaje? Nilisema ndiyo.

Siku yenyewe nilivaa viatu vyao. Vilinibana, nikavivaa, nikavifunga kwenye kanyagio mpaka vikalia tak. Sajini na mkubwa wake walinitangulia kwa gari kwenda kuningoja chini ya Kisigino. Nilipanda Tapika bila kutapika. Chini yake, kwa mazoea, nilipunguza mwendo nikatazama nyuma kama kuna mtu wa kungoja, halafu nikajicheka. Hapa Tunasali nilipanda nimesimama. Niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha. Hewa ilikuwa baridi, tairi zinaimba kwenye lami, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijiona mtu anayekwenda mahali.

Kisha nikatokea kwenye miti, juu ya Kisigino.

Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa na mbuzi, hata kuku. Kule chini niliwaona wawili wamesimama kando ya gari, wadogo, mmoja amenyanyua mkono. Nikaiachia baiskeli. Ilienda, hatua mia labda, ikaanza kushika kasi, upepo ukaingia masikioni. Na nikausikia mguu wangu wa kulia unavuta. Ulikuwa umefungwa kwenye kanyagio na unavuta, unataka kutoka, unataka kwenda nyuma. Nikauambia hapana. Ukavuta. Nikabana breki za mkono kwa nguvu zangu zote, zikashika vizuri sana, kama ambavyo zingemshikia yeye, na baiskeli ikasimama pale pale.

Nilijiambia nitapumua kidogo, halafu nitaendelea. Nilipumua. Nilijaribu mara nyingine, mguu juu ya kanyagio, na mguu ukaanza tena kuvuta kwenda nyuma. Basi nikavua viatu. Nikaviningʼiniza kwenye usukani, nikaikokota baiskeli mteremko wote, peku, juu ya lami ya moto. Ni mteremko mrefu sana kwa mtu anayetazamwa. Yule aliyenyanyua mkono aliushusha nilipokuwa bado sijafika nusu.

Mkubwa alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Sajini alinipokea. "Gaali iko na shida?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, afande."

"Mguu?"

"Hapana."

Alinitazama. Nadhani alielewa, na nadhani ndiyo sababu hakufoka. Aliichukua baiskeli kutoka mikononi mwangu taratibu, akavitoa viatu kwenye usukani, akasema pole. Kisha wakaondoka.

Nilifika Nakivale kesho yake, jua likiwa limepanda. Walikuwa wote nje. Watoto walikuwa wameogeshwa. Shemeji alikuwa amevaa shati la kanisani, lililofuliwa, ameketi na ule mguu ameunyoosha mbele. Alianza kuniuliza kabla sijaketi.

"Ulifika fasi gani?"

"Nilifika juu," nikamwambia.

"Juu ya Kisigino?"

"Juu kabisa."

"Na kuteremuka?"

Nilitaka kusema kuhusu ng'ombe. Kweli, nilikuwa nimeipanga hiyo habari njia nzima, ng'ombe wangapi, mchungaji na simu yake. Lakini mbele ya mguu ule haikutoka. Nilitazama chini tu. Shemeji naye akatazama mahali nilipokuwa natazama, miguu yangu miwili mizima, na hakuuliza tena.

Dada yangu aliingia ndani. Tulimsikia akikitoa kitenge msumarini. Lile fundo lilikuwa limekaa muda mrefu mno, vidole havikuliweza, akatoka nalo mlangoni akilifungua kwa meno. Lilipoachia alikikung'uta kitenge, akajifunga kiunoni, akachukua madumu mawili, akaenda kisimani kupanga foleni ya maji.